Kopo la Elfu Mbili na Tatu

Mimi nilizaliwa na akili nyingi za hesabu, na shahidi wa jambo hilo ni mimi mwenyewe. Mwaka ule wa njaa, baada ya watu kuhamishiwa vijijini, nilikuwa mwalimu wa madarasa ya juu katika shule ya kijiji kipya cha Tupendane, upande wa Ilongero. Jina la Tupendane lilitolewa na viongozi kabla watu hawajafika. Watu walipofika, kila mmoja akakuta amepangiwa kiwanja jirani na yule aliyekuwa anamkwepa miaka yote, na kupendana kukaanza kwa kugombania mpaka wa choo.

Mimi sikugombana na mtu. Nilijiona niko juu ya mambo hayo. Kwetu ni Ulemo, mimi ni Mnyiramba, na pale nilikuwa mgeni kati ya Wanyaturu. Nilikuwa na cheti cha ualimu, kofia ya pama ya rangi ya kahawia, na ugonjwa mmoja ambao sikuwahi kumweleza mganga yeyote. Nilipenda namba tasa.

Kwa asiyejua, namba tasa ni ile isiyokubali kugawanywa ikatoka sawa, ila kwa moja na kwa yenyewe. Saba ni tasa. Kumi na tatu ni tasa. Kumi na tano ni kigeugeu tu, ukiijia na tatu inakubali, ukiijia na tano inakubali. Wenzangu wa rika langu walikuwa wanatafuta ng'ombe na wachumba, mimi natafuta tasa kubwa. Ndogo kila mtu anazo. Nilitaka zile za maelfu, ambazo unazijaribu kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na tisa, nazo zimekaza tu. Nikiipata moja nilikuwa naizunguka kichwani siku nzima kama mtu ambaye ng'ombe wake amezaa. Na kwa kuwa sikuwa mnyenyekevu, nilijifananisha nazo. Nami Melkizedeki, nilijiambia, sigawanyiki.

Asiyegawanyika naye hula, lakini hilo nililisahau mwisho wa Januari nilipokwenda Singida mjini kuchukua mshahara. Nilikwenda na gunia tupu nimelifunga nyuma ya baiskeli, nia yangu ninunue mtama kabla haujakwisha madukani. Dukani kwa mzee Gokaldas nikamkuta mwanawe Narendra, ambaye tulizoeana kwa sababu naye alipenda hesabu. Narendra alikuwa na rula ya kupigia hesabu, ile yenye ulimi unaoteleza katikati, mpya kabisa, ndani ya mkoba wake wa ngozi. Nilipoishika tu, sikutaka kuirudisha.

"Mwalimu," Narendra akaniambia, "kuna mtama kidogo umebaki stoo. Chukua mtama kwanza. Hii rula haina mteja mwingine hapa Singida, itakungoja."

Mfanyabiashara anakukataza kununua kitu chake mwenyewe, na bado husikii! Nilimjibu kwamba mtu haishi kwa mkate tu. Akanitazama kwa huruma, akapokea karibu mshahara wangu wote, akanifungia. Nilirudi Tupendane na rula kifuani, na gunia langu nyuma likipepea kama bendera.

Mwezi uliofuata haujafika katikati, nyumbani kwangu hapakuwa na punje. Ningeweza kusema. Kijijini pale njaa haikuwa aibu ya mtu mmoja, ilikuwa yetu sote, mvua ilikuwa imekataa na mashamba ya zamani yalikuwa mbali. Lakini ningesemaje, mimi mwenye kofia? Basi kila jioni niliwasha moto, nikabandika sufuria ya maji matupu, nikaketi nje huku moshi unapanda ili majirani waone kwamba mwalimu anapika.

Majirani wenyewe walikuwa Mama Dorika, mjane, na binti yake Felista, pamoja na wajukuu wadogo walioachwa na marehemu kaka yake Felista. Mama Dorika alikuwa na ulimi. Wanyaturu na Wanyiramba ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mimi nilikuwa nakasirika kimyakimya. Felista alikuwa anakuja kwangu mchana kwenye kisomo cha watu wazima, na alipoandika aliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nilitaka kumwoa. Sikuwa nimemwambia, nilikuwa nasubiri aone mwenyewe kwamba amebahatika.

Siku moja Felista alivuka na bakuli la mlenda na kipande cha ugali wa mtama juu yake.

"Mama amesema ule, mwalimu."

"Mwambie mama asante sana," nikasema. "Nimeshiba. Leo nimekula wali."

Wali! Tupendane, mwaka ule! Ningesema nimekula nyama ya tembo angeniamini zaidi. Felista alinitazama, akageuka na bakuli lake. Nililisindikiza lile bakuli kwa macho mpaka likaingia mlangoni kwao, kisha nikaingia ndani na kunywa maji yangu ya moto.

Ndipo ikaja habari ya unga wa msaada. Ulikuwa unga wa mahindi ya njano, ule tuliouita yanga. Katibu Kata, Ndugu Antipasi, alitangulia kwa baiskeli na kuagiza kila kinywa kihesabiwe. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Alute, akaniteua mimi kuwa karani. Nilipita nyumba kwa nyumba pamoja na mabalozi wa nyumba kumi, nikahesabu wazee, watoto wachanga, hata bwana mmoja aliyekuwa amejificha kwa nyumba ndogo. Nikapata watu elfu mbili na wawili, nami nikasoma jibu langu mkutanoni kwa sauti ya kanisani.

"Na wewe mwalimu umejihesabu?" Mzee Alute akauliza.

Felista alikuwa ameketi mstari wa mbele. Nikaivuta kofia yangu kidogo upande.

"Mtumishi wa serikali hali unga wa msaada, Ndugu Mwenyekiti," nikasema. "Mimi najitosheleza."

Hapakuwa na sheria ya namna hiyo. Niliitunga palepale, na watu wakanipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi yaliyoniuma tumboni namna ile.

Lori lilifika siku chache baadaye. Hapo lazima nieleze hali ya Ndugu Antipasi, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini mtu mzima alitutesa vile. Katika kijiji kimoja alichogawa unga kabla yetu, nusu gunia lilibaki baada ya kugawa. Lile nusu gunia liliwekwa mahali salama. Baadaye mahali salama pakagundulika kuwa ni uvunguni mwa kitanda cha kiongozi mmoja. Ndugu Antipasi hakula hata kijiko, lakini ndiye aliyesimamishwa mbele ya kikao kuulizwa maswali mpaka shati likalowa. Tangu siku ile neno kubaki lilikuwa linamtoa jasho.

"Ndugu zangu," akasema, amesimama mbele ya lori, "magunia haya yametoboka, siamini uzito wake. Unga wote utamwagwa kwenye turubai na kupimwa upya kwa kopo hili la kilo, kopo la kufutwa kwa kijiti. Halafu mtagawana sawasawa, kopo zima zima, uishe. Ukibaki hata kopo moja sitii sahihi. Napakia wote, unakwenda kijiji kinachofuata. Maagizo ninayo hapa."

Watu waliitikia kwamba haina neno. Nani aliyewahi kusikia chakula kimebaki mwaka wa njaa?

Vijana wakaanza kuchota kutoka turubai moja kwenda jingine, na mimi nikapiga mistari ubaoni. Ubao wa shule ulikuwa umeegemezwa kwenye gurudumu la lori. Kazi ilichukua asubuhi nzima. Harufu ya unga ule ilikuwa inanizungusha kichwa, na mara mbili nilishika ubao kama anayeusafisha, kumbe najizuia nisianguke. Kopo la mwisho likafutwa, nikapiga mstari wa mwisho, nikajumlisha.

Makopo elfu mbili na matatu.

Sasa nitakueleza upumbavu wangu ulivyo. Watu wamekaa juani na vyungu vyao, watoto wamenyamaza kwa sababu ya kuishiwa nguvu za kulia, na mimi moyo wangu unaruka kwa furaha. Elfu mbili na tatu! Nilikuwa naifahamu. Nilikuwa nimeipata mwenyewe siku za masika yaliyopita, nikiwa nimelala chali kwa homa. Ilikuwa tasa, tena safi, na leo imekuja yenyewe kijijini kwa lori.

"Gawa kwa mabalozi," akasema Mzee Alute.

Mabalozi walikuwa ishirini na sita. Kila balozi makopo sabini na saba. Likabaki kopo moja.

"Haifai," akasema Ndugu Antipasi.

"Gawa kwa kaya."

Kaya zilikuwa mia mbili themanini na sita. Kila kaya makopo saba, na kopo moja likabaki tena. Wenye kaya kubwa walishaanza kupiga kelele kwamba fulani yuko na mkewe tu, atapataje saba sawa na mwenye watoto tisa?

"Basi gawa kwa vichwa, ndiyo haki," Mzee Alute akasema. "Kila mtu kopo lake."

Watu elfu mbili na wawili, kila mtu kopo lake. Likabaki moja.

Ndugu Antipasi akatoa kitambaa, akajifuta shingo. "Ni lilelile?" akauliza, kana kwamba lile kopo lina jina na ukoo.

Hapo kila mtu akawa na maoni. Mzee Alute alisema kwa desturi kinachobaki kwenye kugawa nyama ni cha mgawaji. Ndugu Antipasi akajibu kwamba desturi hiyo ndiyo iliyompeleka yeye kwenye kikao. Mmoja akasema tujaze makopo kidogo zaidi, lile la ziada litapotelea humo humo. Ndugu Antipasi akasema kopo ni la kufutwa, siyo la kilima. Akasimama jamaa mmoja mrefu, akajitolea kwa moyo wa kizalendo kula kopo moja palepale, bichi, mbele ya mashahidi, ili hesabu ikae vizuri. Akaambiwa akae chini.

Mtu mwenye akili timamu angenyamaza. Mimi nikachukua chaki.

"Ndugu wananchi," nikasema, "msihangaike. Hii ni namba tasa."

Mzee Alute alinikaribia na kuninong'oneza kwamba neno hilo lisitajwe kwa sauti, palikuwa na akina mama wajawazito. Esta, mke wa fundi seremala, alikuwa ameketi mbele kabisa na tumbo la mwezi wa tisa. Nikaomba radhi na kuendelea, maana sikuwa wa kuzuilika.

Niliwaonyesha yote. Ukigawa kwa saba, inabaki moja. Kwa kumi na moja, inabaki moja. Kwa kumi na tatu, moja tena! Nikawaeleza kwamba tungekuwa na kopo moja pungufu, tungekuwa na elfu mbili na mbili, namba laini, inayokubali mbili, saba, kumi na moja na kumi na tatu, unaikata upendavyo kama muwa. Lakini hii, nikasema nikiipigapiga kwa kidole, hii haina mlango. Nikaendelea kwa kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu. Nikafika arobaini na tatu, nikawaeleza kwa nini hakuna haja ya kuendelea: namba inayofuata ya kujaribu ni arobaini na saba, na arobaini na saba mara yenyewe imeshaipita elfu mbili na tatu, kwa hiyo mgawaji yeyote mkubwa angekuwa na mwenzake mdogo, na wadogo wote tumeshawafukuza. Nilipogeuka nikitegemea kuona nyuso zenye mshangao, niliona nyuso zenye njaa. Mtoto mmoja wa kwa Mama Dorika alikuwa amelala kwenye paja la Felista, mdomo wazi.

"Mwalimu," Mzee Alute akasema taratibu, "haigawanyiki kabisa?"

"Inagawanyika kwa njia mbili tu. Kwa moja, na kwa yenyewe."

"Kwa moja ndiyo nini?"

"Fungu moja. Mtu mmoja achukue unga wote."

Jamaa yule mrefu akasimama tena. Akaambiwa akae.

"Na kwa yenyewe?"

"Wawepo watu elfu mbili na watatu," nikajibu kwa fahari, "kila mmoja achukue kopo lake, na hakibaki kitu."

"Nasi tuko elfu mbili na wawili," akasema Mzee Alute. "Amepungua mtu mmoja."

Chaki ilikuwa bado juu hewani. Hesabu hiyo ilikuwa nyepesi kuliko zote nilizofanya siku ile, na jibu lake lilikuwa limevaa kofia ya pama. Nililijua kabla ya mtu mwingine yeyote. Na unafikiri nilisema? Ningekuwa mtu wa kusema, ningesema siku ya bakuli la mlenda.

"Kuna Esta," nikasema haraka. "Esta akijifungua tutatimia."

Kijiji kizima kikamgeukia Esta. Mabibi wakaanza kumtazama tumbo kwa jicho la kitaalamu. Mtu mmoja akamwambia ajitahidi.

"Nijitahidi nini?" Esta akafoka. "Mimi mashine ya kusaga? Mtoto atakuja siku yake, na akija nitawaambia hapa palikuwa na wajinga!"

"Basi dereva," nikasema. "Dereva naye ni mtu."

Dereva akajibu kutoka dirishani kwamba yeye ana orodha yake mjini. Nikamtaja utingo, nikaambiwa yuko orodha hiyohiyo. Nikamtaja kijana wa kijiji aliyelazwa hospitali ya mjini, lakini nilikuwa nimeshamhesabu. Nilikuwa natafuta mtu wa elfu mbili na tatu kwa bidii ya mwizi anayesaidia kutafuta mwizi.

Ndugu Antipasi akakunja karatasi yake. Hakufurahia, uso wake ulionyesha hivyo, lakini uoga ukimshika mtu anakuwa mkaidi kuliko punda. "Pakieni," akamwambia utingo. Utingo akashika pembe ya turubai, na dereva akawasha gari. Wanawake wakapiga yowe.

Ndipo Mama Dorika akasimama. Alijishika kiuno akaja mpaka mbele, akasimama hatua moja kutoka kwangu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, Mnyiramba. Hebu nijibu, mtani wangu. Kila jioni moshi! Kila jioni moshi kwako, na harufu ya chakula hata siku moja hakuna! Unapika nini, mawe ya Ulemo? Hata sufuria yako imeniomba nikuambie uihurumie!"

Watu wakacheka. Walicheka wote, hata Esta, hata dereva, na mimi nikacheka kidogo kama mtani anavyotakiwa, huku masikio yananiwaka moto. Nilimtafuta Felista kwa macho. Hakuwa anacheka, alikuwa anamfunika mtoto uso kwa kanga asipigwe na jua.

"Suruali umeifunga kwa kamba," Mama Dorika akaendelea. "Mkanda umeishiwa matundu. Ukipita karibu na kuku wangu wanakukimbia, wanajua unavyowatazama. Wewe ndiye uliyekula wali?"

Kicheko kikazidi. Kisha akainua mkono, kikanyamaza. Aliposema tena sauti yake haikuwa ya utani.

"Nimekucheka basi, imetosha. Wajukuu zangu hawajatia kitu mdomoni tangu jana asubuhi. Sema, baba."

Ndugu Antipasi akanigeukia. "Mwalimu hakuhesabiwa?"

"Ni mtumishi wa serikali, hali unga wa msaada," Mzee Alute akamjibu. "Sheria."

"Sheria gani? Mimi sina sheria hiyo. Waraka unasema mkazi wa kijiji mwenye njaa." Alimpungia dereva azime gari. "Mwalimu, wewe ni mkazi wa Tupendane?"

"Ni mkazi."

"Una njaa, au huna?"

Watu elfu mbili na wawili walikuwa wananitazama. Nilifikiri nitazimia, na nikaomba nizimie.

"Ndugu Katibu," nikaanza, "njaa ni neno pana. Kuna njaa ya mwili, na kuna..."

"Mwalimu!" Hiyo ilikuwa sauti ya Felista.

"Nina njaa," nikasema.

"Sijasikia. Natakiwa kuandika."

"Nina njaa!" Sikujua kwamba nina sauti kubwa kiasi kile. "Nina njaa tangu mwezi uanze. Sijala wali. Hapakuwa na wali, hapakuwa na kitu, nilinunua rula! Nilikuwa nachemsha maji ili mseme napika. Nina njaa, Ndugu Katibu, niandike."

Nilisubiri wacheke. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko tangu siku niliyofika kijiji kile, na maneno yangu yote makubwa yalikuwa ukuta wa kukizuia. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alisema "pole, mwalimu", na mwingine akadakia, na pole ikaenda mpaka kwa watu wa nyuma ambao hata hawakusikia nilichosema. Nilikuwa tayari kwa dhihaka ya kijiji kizima, ila kwa ile pole sikuwa na kinga. Machozi yalinitoka mbele ya wanafunzi wangu wa darasa la saba.

Ndugu Antipasi aliandika. Kisha akaamuru ugawaji uanze.

Ulikwenda mpaka jua likaelekea kuzama. Kila mtu alipita na chungu, au ungo, au pembe ya kanga, kopo likafutwa kwa kijiti, akaitwa mwingine. Mimi niliwekwa mwisho, nikiwa sina hata kikombe, maana mtu anayejitosheleza haji na chombo. Nilipofika nikavua kofia yangu ya pama na kuigeuza. Vijana walikung'uta turubai la njano, wakakusanya kwa viganja, wakajaza kopo la mwisho. Likajaa sawasawa. Ndugu Antipasi aliinama akalikagua turubai, akalipapasa hata mikunjo yake, kisha akatia sahihi na kushusha pumzi iliyokuwa kifuani mwake tangu lile nusu gunia.

Nilishika njia ya kwenda kwangu, nimebeba kofia kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

"Unakwenda wapi na kofia, Mnyiramba?" Mama Dorika aliniita kutoka uani kwake. "Huo unga utaukoroga kwa rula?"

Nikaingia. Akaipokea kofia, akamimina unga wangu kwenye chungu pamoja na wao, bila kupima. Nilitaka kusema kitu kuhusu uwiano, nikajizuia. Ugali ulipoiva ulikuwa wa njano, mgumu, una harufu ya gunia, na sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Watoto walikuwa wananitazama ninavyomeza. Yule mdogo, aliyekuwa amelala juani, alisogea akaniwekea tonge lake mkononi.

"Ongeza," akaniambia. "Wewe umekaa na njaa siku nyingi."

Sikuweza kulikataa. Nikalitia mdomoni.

Felista alikuwa ananawisha mikono ya wadogo. Alimaliza, akajipangusa kwenye kanga, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Kesho ni zamu yako kuteka maji," akasema. "Sisi hapa kila anayekula anateka."